Bukari ya Sakania, Daktari wa Brussels

Sakania ni mji wa Katanga, Kongo, mpakani na Zambia, na kwa zaidi ya miaka mia moja kazi yake imekuwa kupitisha mizigo. Reli iliyotoka kusini ilifika hapo mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Shaba ikawa inatoka, unga wa mahindi ukawa unaingia. Hata sasa bei ya unga upande wa Zambia ikipanda, mama mwenye nyumba Sakania anaijua kabla redio haijaitangaza. Mtoto wa kwetu hukua akijua kwamba hajala mpaka amekula bukari, ugali wetu. Anaweza kula karanga, mkate na mahindi ya kuchoma mchana kutwa. Jioni ukimwuliza atakwambia bado hajala.

Ndiyo maana daktari wangu hapa Brussels aliponiambia kwamba matibabu yangu yaanzie kwenye kupunguza wanga, mawazo yangu yalikimbilia nyumbani. Nilimfikiria yaya, dada yangu mkubwa, aliyebaki Sakania na dalili zilezile nilizo nazo, na chungu cha watu wanane jikoni kwake. Mimi naishi peke yangu. Nikiamua leo kwamba bukari haiingii kwangu, haiingii. Yeye akiamua hivyo, ameamulia ukoo mzima.

Ugonjwa wenyewe madaktari wa huku na wa Lubumbashi huuita kwa kifupi SOPK: ovari zenye vifuko vingi. Irving Stein na Michael Leventhal, madaktari wa Chicago, ndio waliouandika kwa kina mwaka 1935, baada ya kuwachunguza wanawake saba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wanao, na kwamba huenda 70 katika kila 100 ya hao hawajawahi kuambiwa. Yaya alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Vile vinavyoonekana kwenye ekografia (ultrasound) kama vifuko si uvimbe. Ni vijumba vya mayai yaliyoanza kukua yakakwama kabla ya kupevuka. Homoni ndizo zinazoyakwamisha, na kwa wagonjwa wengi mzizi mmoja wa vurugu hiyo ni insulini, ile homoni ya kongosho inayoipeleka sukari ya damu kwenye misuli na viungo vingine. Mwili ukiwa mzito kuitii insulini, kongosho hutoa nyingi zaidi. Insulini ikizidi, huisukuma ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na wakati huohuo ini hupunguza ile protini inayozishika homoni hizo zisiwe huru katika damu. Hapo hedhi hupotea miezi mitatu au minne, ndevu huota kidevuni, chunusi hazimwachi hata mtu mzima, nywele za utosini hupungua, tumbo na kiuno hujaa. Wapo wagonjwa wembamba pia, na hao ndio wanaocheleweshwa zaidi kwa sababu hakuna anayewadhania.

Nyumbani dalili hizi zina maelezo mengine. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, watu humsifia mume kwamba anajua kutunza. Miaka ikipita bila mtoto, sifa ileile hugeuka maneno. Nimewaona akina mama wakizungushwa kutoka kwa mchungaji hadi kwa mganga, wakiulizwa ni nani katika ukoo aliyewafunga, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewauliza mara ya mwisho waliona mwezi lini. Ndevu zinanyolewa alfajiri kabla mume hajaamka. Na hedhi isiyokuja huchukuliwa na wengine kuwa pumziko, kumbe ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi unazidi kunenepa, na miaka ikiwa mingi hatari ya saratani ya hapo inaongezeka. Kisukari nacho huwapata wanawake hawa mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo hata asiyetaka mtoto, hata aliyekwisha kuzaa, anahitaji kutibiwa.

Sasa nije kwenye sahani. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga, na unga wa muhogo unazidi hapo. Mtu mzima mwenye njaa anaumaliza unga huo kwa mlo mmoja na kuomba nyongeza. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio dogo ambalo linatajwa hadi leo: wanawake 11 wenye SOPK walianza kula wanga usiozidi gramu 20 kwa siku, kwa wiki 24. Waliofika mwisho walikuwa 5. Hao walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 12, insulini yao ikashuka, na wawili kati yao, waliokuwa wamehangaika kupata mimba, wakaipata. Watu hupenda kusimulia habari ya wale wawili. Mimi nawafikiria zaidi wale sita walioacha njiani, kwa sababu gramu 20 kwa siku maana yake ni matonge machache tu tangu asubuhi hadi usiku, na maisha ya watu hayakubali hivyo kwa muda mrefu, si Marekani, si Katanga.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, uliosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia, umekuwa mkweli juu ya jambo hili. Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda mingine yote. Unaofaa ni ule unaompa mwanamke afya na anaoweza kuendelea nao. Kwa aliyenenepa, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kusaidia kuirudisha hedhi. Niliposoma hayo nilipumua. Yaya hakutakiwa kula kama mwanamke wa Marekani. Alitakiwa kula wanga kidogo kuliko jana, na aendelee.

Kwangu Brussels kujua kulikuwa rahisi. Damu ilipimwa, bima ikalipa sehemu kubwa, mtaalamu wa lishe akanipa karatasi: salmoni, parachichi, mtindi, unga wa lozi, koliflawa iliyokatwakatwa mfano wa mchele. Sikuidharau karatasi ile, imenisaidia. Lakini jioni za baridi nilikuwa nakula chakula kisichonikumbusha mtu yeyote, na mlo usiokukumbusha mtu ni mgumu kuupenda. Nafuu niliipata Matonge, mtaa wetu wa Ixelles karibu na Porte de Namur, mbele ya friza zenye sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa na kugandishwa, samaki wa moshi na viwavi wakavu. Nilisimama pale nikagundua kwamba nusu ya karatasi ya mtaalamu ilikuwa imo humo kwa majina mengine.

Na hapo Sakania inaishinda Brussels. Mvua zikishika mwezi wa 11, msitu wa kwetu hutoa vinkubala, wale viwavi ambao wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Baada yao huja buyoga, mwingine mkubwa kupita sahani, ukiuzwa kando ya barabara. Lengalenga humea hata pasipo mkono wa mtu. Matembele, sombe, majani ya maboga, yote hupikwa na unga wa karanga tukaita visashi, na visashi ni chakula kizito kinachokaa tumboni. Aliyekula bakuli lake hatafuti kitu baada ya saa moja. Kuna dagaa wa kapenta, kuna mayai ya kuku wa uani. Mtaalamu wangu angeiona meza hiyo angesema tumeshafika.

Tatizo liko kwenye kipimo, na kipimo kinaamuliwa na pesa. Nyumbani mboga ndiyo ghali. Bukari ipo ili mboga kidogo itoshe watu wengi: kipande cha tomsoni, yule samaki wa kugandishwa, mchuzi, bukari kubwa, na watoto wanalala wameshiba. Ukimwambia mama wa nyumba hiyo apunguze bukari na kuongeza mboga, umemwambia matumizi ya jikoni yapande mara mbili au tatu. Ushauri wa ughaibuni haulioni jambo hili kamwe. Unazungumza juu ya nidhamu, kana kwamba mwanamke anayegawa samaki mmoja kwa watoto sita amepungukiwa nidhamu.

Wengine huniambia bukari ni sisi, na kuigusa ni kujikana. Naiheshimu hisia hiyo, lakini historia yake ni fupi kuliko tunavyodhani. Mahindi yalitoka Amerika. Walamba walikula mtama, Wabemba walikula ulezi. Migodi ndiyo iliyoyapa mahindi meupe kiti cha mbele: kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga, kwa kuwa unga ulibebeka kwa reli, ulitunzika ghalani, na ulimshibisha upesi mtu wa sururu. Sisemi turudi kwenye mtama ndipo tupone, maana mtama nao ni wanga. Nasema kiasi kile kilipimwa kwa ajili ya mwanamume aliyechimba shaba kutwa nzima, na yaya anauza vitambaa akiwa ameketi.

Alipoanza, alianzia asubuhi, kwa sababu asubuhi haina watu wengi wa kuuliza. Chai yenye sukari nyingi na bitumbula (maandazi) viliondoka. Zikaingia karanga, yai, au mboga iliyolala. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ameuweka kwa siku za sherehe. Jioni anakula visashi au sombe kwanza, bakuli lake mwenyewe, kisha ndipo anajiunga na wenzake kwenye sinia, na matonge yake ni machache. Mama aliliona jambo hilo siku ya kwanza.

“Mwanangu, unakatala bukari yetu juu ya nini?”

“Sikatale, mama. Nakula kidogo tu.”

Mama hakuridhika, na kwa muda mrefu alimsogezea sahani bila kusema neno. Kupika na kumpa mtu ale ndiyo lugha ya mapenzi nyumbani kwetu, kwa hiyo anayepunguza anaonekana amepunguza kitu kingine. Yaya alilazimika kumweleza mama ugonjwa wake kwa mara ya kwanza, hedhi, ndevu na yote, na naamini mazungumzo yale yalimsaidia kama chakula chenyewe. Leo mama ndiye anayetwanga karanga.

Mwezi wake umeanza kurudi. Hauji kila mara, lakini unakuja. Anameza pia metformini aliyoandikiwa Lubumbashi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iliyotokana na uchunguzi wa mmea uitwao galega na kuingizwa katika tiba ya kisukari na Jean Sterne huko Paris mwaka 1957. Sitaki mtu asome hapa akaamini sombe imefanya kazi peke yake. Na mwenye kutumia insulini au vidonge vingine vya kisukari asikate wanga kabla ya kuzungumza na daktari, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kwanza. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: mayai yakianza kupevuka tena, mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo asiyeitaka ajikinge.

Kwenu wenzangu wa ng'ambo nina ombi lenye uzito. Mizigo ya Krismasi tunayofunga imejaa poda za kupunguza uzito, chai za kusafisha tumbo na vidonge ambavyo hata huku hakuna daktari anayeviandika. Bei ya mkebe mmoja wa poda hizo ingenunua kapenta na mayai ya wiki kadhaa Sakania. Ukitaka dada yako ale wanga kidogo, lipia mboga. Ongeza kidogo kwenye ile pesa ya kila mwezi na useme wazi kwamba ni ya mboga, na ya sufuria nzima, kwa sababu hakuna mama atakayekula samaki mbele ya watoto wanaokula bukari kwa chumvi. Kisha lipia vipimo. Mimi nilichelewa kuambiwa jina la ugonjwa, yaya alichelewa zaidi, na tofauti kati yetu ilikuwa nauli na ada ya maabara.

Sasa kuna binti yake. Ana miaka 16, chunusi zimemjaa, na hedhi yake inakuja inapotaka. Shangazi zake wameanza kunong'ona. Nilitaka kutuma pesa ya ekografia, daktari wangu akanizuia: mwongozo wa 2023 unasema kipimo hicho kisitumike kabla ya miaka minane kupita tangu hedhi ya kwanza, kwa sababu ovari za msichana huonekana zimejaa vijumba hata akiwa mzima kabisa. Kinachohitajika ni kumwuliza historia ya siku zake kwa upole, kumtazama ngozi na nywele, na kupima damu ili kujua kama si tezi ya shingo au prolaktini inayomsumbua. Sukari yake ipimwe pia, maana nyumbani kwetu kisukari kipo. Shule ikifungwa watapanda gari kwenda Lubumbashi, yeye na mama yake. Nimemwambia yaya amwache binti azungumze mwenyewe na daktari, na wakati wa kusubiri majibu asipunguziwe chakula wala asitajiwe uzito. Apewe mayai, visashi na bukari yake ya kawaida, na soda ziondolewe kwa watoto wote wa nyumba, asijione ametengwa.