Motokari ya Jamaa: Sisi Tulinunua Mara Mbili



Mara nyingi nikitoka kanisani ama sokoni watu wananisimamisha: "Mwalimu, ile pikapu yako ulinunua wapi? Nami niko natafuta moja ya jamaa." Najibu kwamba wangeniuliza kwanza ile ingine ilienda wapi. Wanacheka, wakifikiri ni mchezo. Leo nitaandika yote, sababu najua katika nyumba nyingi, huku kwetu na kule Likasi na Kolwezi, kuna baba na mama wanaoweka dola moja-moja kwa ajili ya jambo hili.

Tunakaa Kalemie, hapa ambapo mto Lukuga unatoka katika ziwa. Mimi ni mwalimu. Mke wangu anauza samaki. Ananunua ndakala na mikebuka kwa wavuvi, anakausha, anafunga magunia, anatuma Lubumbashi kwa treni siku treni iko, na kwa kamyo siku treni haiko. Mshahara wa mwalimu munaujua. Basi nikisema "tulinunua", mufahamu vizuri kwamba makuta yalitoka kwa samaki.

Mwaka 2022, mwezi wa pili, tulikuwa na dola 9,000. Miaka sita ya kuziweka. Mama alitaka pikapu, na hakuficha. Alisema, "Baba, miye niko na magunia, niko na mama yangu kule njia ya Nyunzu, na tuko na watoto watano. Tutafute kitu cha kubeba." Lakini mimi nilikuwa nimeona jipu moja. Nyeusi, viti vya ngozi, vioo vinashuka kwa kubonyeza, vitesi otomatiki. Ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam, ikavuka ziwa kwa mashua kutoka Kigoma. Kijana wangu mkubwa aliizunguka mara tatu bila kusema neno. Mwenye kuiuza alitupa viti, akafungua muziki.

Mama akauliza swali moja tu: "Samaki yangu nitaweka wapi?"

Nikamjibu kwamba jipu nayo iko 4 x 4, inapita popote, na harufu ya samaki haifai katika motokari ya jamaa. Ndiyo, nilisema hivyo, na makuta ya samaki yalikuwa mfukoni mwangu. Nikalipa siku ileile, saa nane mchana, motere ikiwa ya moto tayari, sababu muuzaji alituendesha kidogo mjini kabla ya kutuonyesha. Sikuuliza kwa nini anaiwasha mbele sisi hatujafika. Mtu akitaka kudanganyika hauulizi.

Miezi minane tulikuwa wakubwa. Sindano ya joto ilipanda kidogo tukienda mlimani. Nilitia maji, nikanyamaza. Volani ilikuwa kuume, kama motokari zote za Japani, nasi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Maana yake, ukiwa nyuma ya kamyo hauoni mbele mpaka umetoa motokari nzima nje. Mama aliyekaa upande wa kushoto ndiye alikuwa macho yangu: "Ngoja. Ngoja. Kuko mtu. Sasa, pita." Watu wanazoea. Lakini kila safari iliyo mbali alishuka akiwa amechoka kuliko mimi niliyeendesha.

Halafu, mwezi wa kumi na moja, katika mvua, habari ilifika kwamba mama yake yuko vibaya sana. Kijiji chake hakiko kando ya ziwa. Wa njia ya Moba wanaweza kupanda mashua, wa njia ya Nyunzu hapana. Treni haikuwa. Tukaondoka saa kumi na moja ya asubuhi, sisi wawili na mtoto wa mwisho.

Hatukufika hata Niemba. Katika matope marefu, motere ikifanya kazi sana na motokari ikienda polepole, sindano ilipanda mpaka mwisho. Taa mbili nyekundu zikawaka. Nikasimama. Mvuke, kisha kimya. Maji yalikuwa yameingia katika mafuta: kilasi, kile kichwa cha juu cha motere, kilikuwa kimepasuka. Nilijaribu kuiwasha mpaka bateri ikafa. Vijana wa kijiji wakaja kusukuma, nikawaambia haifai, otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Mzee mmoja akainama, akatazama zile nyaya na vikasha vyote, akasimama akisema, "Baba, hii inataka mtu na masini yake." Alitaka kusema ile kompyuta ya kusoma makosa. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na masini.

Tulilala pale. Asubuhi Mama alipanda pikipiki ya watu, mtoto mgongoni, akaenda. Mimi nilibaki kulinda chuma. Alipofika, mama yake alikuwa amezikwa jana yake jioni.

Aliporudi hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliingia jikoni, akawasha moto, na kwa muda wa karibu miaka miwili hakusema tena neno "motokari" nyumbani mwetu. Jipu ilirudishwa na kamyo kwa dola 400, ikakaa chini ya muembe. Kilasi ingine ilikuwa ya kuagiza mbali, na fundi wa kuifunga vizuri alikuwa mbali kuliko kilasi. Tuliiuza kipande kwa kipande. Viti vya ngozi viko katika saluni moja ya kukata nywele, nakaa juu yake kila mwisho wa mwezi.

Mwaka 2024, wakati ziwa lilipanda sana na maji kuingia katika nyumba za watu walio karibu na pwani, Mama alipoteza magunia kumi na moja sababu hatukupata motokari ya kuyatoa haraka. Siku ile jioni, akiwa amelowa, alisema, "Mwaka huu tunanunua. Safari hii ni miye nitachagua." Nikasema, "Sawa, Mama."

Sasa musikilize alivyofanya, sababu mimi nilikuwa nikibeba tochi tu.

Kwanza hakuanza na motokari. Alizunguka garaji za Kalemie, akauliza mafundi: munatengeneza motere gani bila kuagiza kitu? Piesi za gani ziko sokoni leo, si kesho? Wote walisema karibu neno moja: Toyota Hilux ya mazuti, za zamani zisizo na turbo, zenye motere 2L, 3L ama 5L, na kwa mwenye makuta mengi, Land Cruiser zile za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, yenye motere 1HZ ya lita 4.2. Si kwamba haziharibiki. Zinaharibika, lakini fundi wa kijijini mwenye funguo chache na nyundo anaweza kukufikisha nyumbani. Land Cruiser tulipima bei yake, tukaiacha. Inakunywa zaidi, na kwetu mzigo wake haukuwa wa lazima.

Pili, alichukua fundi mzee aliyejifunza kazi yake katika atelier ya treni, akamlipa kwa siku. Mimi nilishangaa: kumlipa mtu kwa kutazama tu? Dola 20 kila motokari! Alitazama tatu.

Ya kwanza ilitoka upande wa Kolwezi, ilikuwa ya kampani ya madini, iliuzwa mnada. Ninyi wa huko munazijua. Kilomita zilikuwa chache, nami nikafurahi. Mzee akacheka. Alisema pikapu ya mini inafanya zamu, mchana na usiku, na saa nyingi imesimama motere ikiguruma, mwenye kuiendesha akingoja. Kile kisaa kinahesabu magurudumu, hakihesabu motere. Akaingia chini, akagonga shasi kwa nyundo ndogo. Mahali pengine ilijibu "ting", mahali pengine "tup". Pale penye "tup" palikuwa pameliwa na kutu, pakafunikwa na rangi mpya. Si kila motokari ya kampani ni mbaya. Ingine imetunzwa na daftari yake ya vidanji iko. Hii haikuwa na daftari.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho na bei ilikuwa chini sana. Mama mwenyewe ndiye alinusa. Aliinua kapeti chini ya viti, akakuta mchanga mwembamba wa ziwa, na katika vyuma vya kiti kutu mpya ya rangi ya machungwa. Motokari ya maji. Nyaya zake zingekufa mmoja-mmoja kwa mwaka mzima. Muuzaji alianza kueleza. Mama alikwisha kufunga mlango.

Ya tatu ndiyo hii. Hilux ya mwaka 2003, kabini mbili, motere 5L, lita 3, vitesi vya mkono, volani kushoto. Ilikuwa mbaya kwa sura, mlango mmoja si wa rangi yake. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi bila kutoa habari, mzee akaweka mkono juu ya motere: baridi. Akaomba iwashwe. Moshi mweusi kidogo, ukaisha. Alitueleza hivi: moshi wa buluu, motere inakula mafuta, mweupe usioisha, maji yanaingia ndani, mweusi mwingi, mazuti haichomwi vizuri. Akafungua kifuniko cha radiateri kabla motere haijapata moto, akatafuta macho ya mafuta juu ya maji na mapovu yasiyoisha. Hakuna. Nilijiinamia pale, nikifikiri kwamba kwa ile jipu kazi hii ingechukua dakika tano.

Akalinganisha namba ya shasi, iliyochongwa katika chuma, na ile ya karte roze. Namba moja ikikosana, asema, unanunua kesi.

Mwishoni Mama alifanya lake. Alikuwa ameleta magunia manane ya mchanga na watu wanne. Akasema, "Tupande mulima. Halafu tushuke pwani, katika muchanga." Muuzaji akakasirika kidogo, akakubali. Mlimani sindano ya joto ilikaa palepale katikati. Pwani, kijana wetu alishuka, akafunga vile vifungo vya magurudumu ya mbele kwa mkono, tukatia kile kitesi kifupi, ikatoka mchangani polepole kama ng'ombe. Kwa 4 x 4 ya zamani mujaribu jambo hili na macho yenu. Ziko nyingi zenye kile chuma cha kuvuta na ndani hakuna kitu.

Bei dola 7,500. Mama aliacha dola 1,000 pembeni, hakuzigusa hata muuzaji alipotuonyesha redio. Wiki ya kwanza zilikwenda kwa mkanda wa ndani wa motere, mafuta yote, mapine mawili na freni. Mkanda ule ukikatika unaharibu motere, na muuzaji hawezi kuapa kwamba ulibadilishwa lini.

Jambo moja hakuna fundi aliyetuambia. Jipu ni ya mwenyewe. Pikapu ni ya mtaa. Mwezi wa kwanza tulibeba sima ya jirani, bibi-arusi, kitanda cha shemeji, na maiti wawili kutoka hospitali. Mazuti yote yetu. Nilikuwa naona haya kukataa. Mwalimu anakataa namna gani? Mama akanunua daftari ya shule, akaiweka juu ya dashibodi: jina, pahali, litre ngapi za mazuti. Anayeomba anaandika mwenyewe na anatia mazuti mbele ya kuondoka. Mwanamke wa kuzaa, mgonjwa na maiti hawaandikwi. Watu walinung'unika, kisha wakazoea.

Kwaya ndiyo haikuzoea. Walitaka kupanda vijana thelathini nyuma kwenda sikukuu. Mama akakataa: watu watano ndani, kila mtu na mkanda wake, na nyuma ni mzigo tu, hata mtoto wetu hakai juu ya magunia. "Hata kama ni kwaya?" "Kwaya nayo inaanguka." Kuna wawili ambao mpaka leo wananisalimia mimi na hawamsalimii yeye. Mimi nisingeweza kukataa, nasema ukweli.

Mwaka jana alijifunza kuendesha. Mwezi wa saba, katika kiangazi, tulipeleka sima na mawe kwa kujenga kaburi la mama yake. Yeye alishika volani, mimi nilikaa kuume na daftari mapajani. Tulipofika pale jipu ilipokufa, alisimamisha motokari, hakuzima motere. Yule mzee wa kijiji alikuwa amekaa mbele ya nyumba, akainua mkono. Mama akatazama sindano ya joto.

"Iko katikati," akasema. Akatia vitesi, tukaendelea.