Mwili, Kipimo na Fadhila: Wiki Sita za Mazoezi Maganzo



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Maganzo, wilayani Kishapu. Kijana mmoja jirani yetu, mwenye miaka 19, aliniomba nimwandae kwa majaribio ya klabu ya soka. "Frateri," aliniambia, "mpira naujua. Shida yangu ni pumzi." Tulikuwa na wiki sita. Nimeona vema niwashirikishe tulichopitia, kwa sababu kinawahusu vijana wa parokia zetu na sisi tunaosoma falsafa.

Maganzo iko jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Vijana wengi kwetu wanachekecha changarawe wakitafuta jiwe moja litakalobadilisha maisha. Tumaini lao la pili ni soka. Mwadui FC ilicheza Ligi Kuu hadi iliposhuka daraja mwaka 2021. Msimu uliofuata Geita Gold ilikuwa Ligi Kuu, na mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Kijana akiona hayo, anaamini na yeye anaweza. Tatizo ni kwamba anaisubiri soka kama anavyoisubiri almasi: kama ipo, ipo tu.

Kipimo cha pumzi hakiendi hivyo. Klabu nyingi hutumia jaribio la bipu, lililobuniwa na Luc Léger wa Kanada miaka ya 1980. Unakimbia mita 20 kwenda na kurudi ukifuata mlio. Unaanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika kasi inaongezeka kwa nusu kilomita. Ukichelewa mlio mara mbili mfululizo, umetoka. Wengine hutumia jaribio la Kenneth Cooper la mwaka 1968: unakimbia dakika 12, kisha unapimwa umekwenda umbali gani. Vipimo hivi havijui wewe ni mtoto wa nani wala nani amekupigia simu. Vinapima ulichojenga.

Tuliazima futi ya fundi ujenzi, tukapima mita 20 uwanjani na kuweka mawe kila upande. Mlio tuliupiga kwenye simu. Siku ya kwanza aliishia hatua ya 9. Nikampangia siku tatu za mazoezi kwa wiki. Jumatatu: kukimbia kwa kasi sekunde 15, kutembea sekunde 15, kwa dakika nane, kisha mapumziko na kurudia. Jumatano: miguu na tumbo, kuchuchumaa, kuruka, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo huchanika kirahisi mtu anapokimbia kwa kasi. Ijumaa: kugeuka. Wengi hupoteza nguvu kwenye kona. Wanafika wima, wanazunguka kama lori. Tulijifunza kuinama, kukanyaga mstari kwa mguu mmoja, kusukuma na kuondoka, tukibadilisha mguu kila mara.

Mwisho wa wiki ya tatu tulipima tena. Akaishia hatua ya 8.

Alikaa chini, akafunika uso kwa fulana. Nilipomuuliza anaishije siku nyingine, alinieleza yote. Kutwa alikuwa machimboni na mjomba wake, akibeba ndoo za changarawe juani. Usiku, kwa hofu kwamba siku tatu hazitoshi, alikuwa akikimbia peke yake kandokando ya barabara ya Mwanza, malori yakimpita. Chakula chake cha mchana kilikuwa michembe na maji kidogo. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli, na kila alipolala mapema aliona kama anamwibia mama.

Hapo nilimkumbuka Aristotle. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anaeleza kwamba fadhila iko katikati ya kuzidi na kupungua, na mfano wake anautoa kwa mkufunzi wa wanamichezo. Kama chakula cha kiasi cha 10 ni kingi na cha 2 ni kidogo, haina maana kwamba mkufunzi atampa kila mtu 6. Kwa Milo, bingwa wa mieleka, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi, ni kingi. Katikati hupimwa kwa mtu mwenyewe.

Kijana wetu hakukosa bidii. Ndoo za changarawe tayari zilikuwa mazoezi, ila hakuna aliyezihesabu. Mwili hujengeka unapopumzika baada ya kazi. Usipopewa nafasi hiyo unabomoka. Tulimwendea mjomba wake kwa heshima, tukakubaliana abebe nusu siku. Mbio za usiku zikaisha. Mama akaongeza ugali na maharage mchana, na dagaa zilipopatikana. Jumapili ilikuwa Misa na kulala. Wiki ya mwisho tulipunguza mazoezi kwa nusu, ingawa alinung'unika. Siku mbili kabla ya kuondoka alifika hatua ya 11, yaani kasi ya kilomita 13.5 kwa saa.

Kwenye majaribio alifika hatua ileile, akavuka siku ya mbio. Siku ya tatu, baada ya mechi, jina lake halikusomwa. Alinipigia simu kutoka stendi. "Frateri, mbio nilizokuwa nazo nilizitoa zote. Sasa mama nitamwambia nini?"

Nilimwambia amwambie hivyohivyo. Mama alimpokea, akampakulia chakula, hakutaja mbuzi.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji wanaojizuia katika yote kwa ajili ya taji linaloharibika. Wakorintho walimwelewa, maana michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao. Kujizuia huko tunakufikiria kama kujinyima chakula na usingizi. Kwa kijana huyu, kujizuia kulikuwa kulala wakati hofu inamwambia akimbie. Nasi waseminari tunaokesha na vitabu hadi kusinzia kwenye masifu ya asubuhi tuna la kujifunza hapo.

Mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati juu ya michezo, na ndani yake mwanamichezo anatazamwa kama mtu mzima, mwili na roho. Parokia nyingi zina uwanja na vijana wenye vipaji. Kabla hatujawachangia nauli ya kwenda majaribio, tuwapimie mita 20, na tuwaulize wamekula nini na wamelala saa ngapi.

Kijana bado yuko kwetu. Anabeba nusu siku, na anasubiri majaribio mengine. Tumkumbuke katika sala.