Mama, Nisomee Hapa

Nimeombwa mara nyingi nieleze nilivyovuka kipindi ambacho magazeti yalikosa wanunuzi, hasa na kina mama wenzangu ambao biashara zao zinaliwa na simu. Mimi ni mjane, mkazi wa Morogoro, na kwa miaka mingi nimeuza magazeti pale stendi ya Msamvu. Meza ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipofariki nikaishika mimi, maana watoto walikuwa bado wanasoma na sikuwa na kingine cha kushika.

Kwa asiyeijua kazi hii, magazeti yanachapwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Kondakta anashusha furushi asubuhi, wakala anagawa, kila muuzaji anasaini idadi yake. Jioni unarudisha yasiyouzwa, unalipia yaliyouzwa, na kamisheni inabaki kwako. Faida ya gazeti moja ni ndogo sana, kwa hiyo riziki iko kwenye wingi, na wakati ule wingi ulikuwepo. Msamvu ni njia panda: mabasi ya Dodoma na Mwanza, ya Iringa na Mbeya, yote yanapita hapo. Tulikuwa tunakimbilia madirishani, Mwananchi na Nipashe mkono mmoja, Mwanaspoti mkono mwingine. Abiria mmoja akinunua, nusu ya basi imesoma. Huyu anaomba ukurasa wa michezo, yule wa nyuma anaomba wa nafasi za kazi, na kabla ya Mikumi watu wasiojuana wameshabishana kuhusu Simba na Yanga kama ndugu waliolelewa nyumba moja.

Kina mama wa sokoni nao walikuwa na magazeti yao, yale ya udaku yenye hadithi za Eric Shigongo. "Niwekee langu," wananiambia tangu jana yake, wasije wakakosa sehemu inayofuata. Alipofariki Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, 1999, nchi nzima ilishasikia redioni, na bado watu walikuja mezani kwa mume wangu kununua, wakatunze nyumbani. Alipofariki mwigizaji Kanumba, Aprili 2012, meza ilikuwa yangu, na furushi liliisha kabla ya saa nne.

Mambo hayakuharibika siku moja. Zilianza blogu kuweka picha za kurasa za mbele, "magazeti ya leo", kila asubuhi. Zikaja simu za bei nafuu, bando na makundi ya WhatsApp, na humo gazeti zima likawa linarushwa kutoka kundi hadi kundi, bure. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa kila siku, akaanza kunipita. "Shikamoo mama, leo nimeshayasoma," ananiambia, ananionyesha ukurasa wa mbele kwenye kioo cha simu. Siku nyingine furushi langu lilikuwa bado liko Chalinze, na picha yake imeshafika Msamvu. Mwaka 2017 baadhi ya magazeti, yakiwemo Mawio na MwanaHalisi, yalifungiwa, wenzangu wakasema shida ni hiyo. Lakini hata yale ambayo hayakufungiwa yalikuwa yanarudi kwa wakala vilevile.

Kwenye mabasi ndiko nilikoona kwamba hili ni kubwa kuliko magazeti. Yalikuja mabasi ya kiyoyozi ambayo madirisha hayafunguki, na ndani abiria kila mtu ameinamia simu yake, spika zimo masikioni. Hakuna wa kuazimwa ukurasa, hakuna wa kubishana naye hadi Mikumi.

Kwangu shida ilibisha hodi mlangoni. Wakala alinipunguzia idadi. Kodi ya chumba ikalala. Nikakopa kausha damu, na mwenye kausha damu hana subira: anakuja na daftari lake asubuhi, anakaa kwenye ngazi mpaka apewe chake. Ilifika mahali nikawa naishi kwa magazeti ya zamani, nawauzia kwa kilo kina mama wa vitumbua wafungie. La jana likawa na soko kuliko la leo. Usiku nilikuwa napiga magoti nalia, kwa sababu sikujua kazi nyingine.

Katika hali hiyo nikatambua kuna watu ambao hawakuacha kuja. Hawakuwa wanunuzi. Ni wazee na kina mama wa kutoka milimani, waliozoea kusimama mezani kwangu na kuniambia, "Mama, nisomee hapa." Miaka yote nilikuwa nawasomea bure: barua ya kijiji, tangazo la mnada wa kiwanja, ujumbe kwenye kitochi. Sasa walikuwa wanaleta maswali mapya. Mtoto ameambiwa aombe mkopo wa chuo mtandaoni, huko mtandaoni ni wapi? Maombi ya HESLB, Ajira Portal, matokeo ya NECTA, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, vyote vilikuwa vimehamia kwenye kompyuta, na hawa walikuwa wamebaki barabarani pamoja na mimi.

Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na kompyuta anaijua. Mgao wa VICOBA ulipotoka hatukula hata senti. Tulinunua kompyuta iliyotumika na printa yenye skana, tukapanga nusu ya fremu kwa fundi cherehani. Yeye alinifundisha kuchapa, mimi nikamfundisha kumsikiliza mtu mzima mpaka amalize.

Wa kwanza ninayemkumbuka vizuri ni babu mmoja wa Mgeta, na mjukuu wake, na bahasha ya kaki. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lilipishana herufi moja na la cheti cha kidato cha sita. Tukamwelekeza kwa wakili akapate hati ya kiapo, akarudi kesho yake. Tulipomaliza kujaza maombi ya mkopo, babu alikataa tusitume kwanza. Alitaka nimsomee yote kwa sauti, na kila mstari niliousoma aliufuata kwa kidole kwenye kioo. Kisha akasema, "Haya, mpeleke." Kijana yuko SUA sasa.

Sisemi mambo ni mteremko. Umeme ukikatika tumekaa. Mtandao ukigoma usiku wa mwisho wa maombi, foleni inahamia kibarazani. Vijana wengi wanajijazia wenyewe, na najua na hii kazi itapungua siku moja, ndiyo maana binti yangu anaendelea kusoma. Magazeti bado nachukua machache, kwa wazee na kwa wanaohitaji nakala yenye tangazo la mirathi ili waipeleke mahakamani.

Mama mwenzangu ambaye duka lako la kanda, studio yako ya picha au meza yako imekauka, hesabu kwanza wale wanaokuja kwako bila kununua, uwaulize wanachotafuta. Mimi jibu nililipata kwao, siyo kwa waliokuwa wamenikimbia. Deni la kausha damu nimelimaliza, namshukuru Mungu. Tunafungua saa moja asubuhi. Kuchapa na kujaza fomu tunatoza. Kusomewa bado ni bure.