Mbona Ilikuwa Kijani?

Niko Guangzhou. Najua nimepotea, na lawama nimezipata zote, kwa hiyo naanza kwa kuomba radhi. Kazi ni nyingi, na huku kati ya Februari na Aprili kuna unyevu ambao mtu wa Tanga mwenyewe angeshangaa. Kuta zinatoka jasho, sakafu zinateleza, nguo unaanika siku tatu na bado mbichi. Ila mimi ni mzima, nakula vizuri, na wali naupika wa nazi.

Shangazi alinitumia ujumbe wa sauti, eti kasikia nimeacha uuguzi nimekuwa mtu wa kompyuta. Shangazi, shikamoo. Sijaacha uuguzi, na sina mpango huo. Lakini ni kweli kwamba jioni huwa najifunza kuandika programu, mwalimu wangu akiwa mdogo wangu yuleyule mliyekuwa mnamfukuza kwenye redio ya babu asiifungue. Yeye Dar, mimi huku, saa tano mbele yake. WhatsApp hapa haifunguki hivi hivi, kwa hiyo tunasoma kwa WeChat. Leo nataka niwaambie kitu kilichonipata katika kujifunza huko, maana kimenifundisha uuguzi kuliko kompyuta.

Kliniki ninayofanya kazi haiko mbali na Xiaobei. Waliokuja kufuata mzigo huku wanapajua. Ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi pale, unasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, Kisomali na Kiarabu kabla hujasikia Kichina. Kazi yangu kubwa ni kupokea wagonjwa, kuchukua maelezo yao na kuyafikisha kwa daktari yakiwa yamenyooka. Mgonjwa anajaza fomu: jina, simu, dawa anazotumia na dozi zake, aleji, na kadhalika. Watu wana haraka, kontena linafungwa kesho, ndege ni keshokutwa, fomu zinajazwa nusu nusu. Basi nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu, nikaandika programu ndogo ya Python ya kukagua fomu pale mapokezi na kutuonyesha kwa mistari myekundu kilichokosekana.

Sasa nisikilizeni taratibu, si kugumu. Kwa kawaida programu ikikuta hitilafu inasimama palepale, inakutajia hiyo moja tu. Ni kama yule karani wa dirishani mnayemjua: unapanga foleni, anakwambia rudi na kopi ya kitambulisho. Unarudi, anakwambia mbona hakuna picha. Unarudi tena, anakwambia picha ziwe mbili. Kwani asingesema yote mara ya kwanza? Watu wa Python waliliona hilo pia, hasa kwa programu zinazofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, ambapo mambo matatu yanaweza kuharibika kwa pamoja. Katika toleo la 3.11 la Oktoba 2022 wakaleta kitu kinachoitwa ExceptionGroup, yaani kifurushi cha hitilafu. Badala ya kulia na moja, programu inazikusanya zote na kuzitoa pamoja. Na ndani ya kifurushi unaweza kuweka kifurushi kingine.

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hapa hawahitaji maelezo. Kontena lina maboksi, boksi lina boksi dogo, ndani yake pea za viatu. Programu yangu ilikuwa hivyohivyo. Kifurushi cha nje ni fomu nzima, kama simu ina kasoro iko humo. Ndani yake kuna kifurushi cha mambo ya dawa: dozi na aleji. Nilitenganisha kwa makusudi. Simu anaishughulikia dada wa mapokezi, mambo ya dawa lazima yaje kwangu.

Mdogo wangu alinisisitizia jambo moja: dada, usiipeleke kazini kabla hujaipima. Kuna chombo cha kupimia programu kinaitwa pytest. Unaiandalia programu yako mtego, halafu unasema unachotegemea kitokee. Kikitokea, inakuandikia kijani. Kisipotokea, nyekundu. Nikatengeneza fomu ya uongo. Simu nikaipunguza tarakimu moja, na dawa ya kisukari nikaiandika bila dozi. Kwenye aleji nikaandika "sina". Halafu nikatumia njia inayoitwa group_contains, iliyoingia pytest 8.0 mwaka 2024. Nikauliza: humo kwenye kifurushi, hitilafu ya simu imo? Imo. Hitilafu ya dozi imo? Imo. Kijani tupu! Nikapiga picha ya skrini nikamtumia, nikajiona injinia.

Wiki mbili zikapita. Nikaanza kuona wenzangu mapokezi wakibonyeza kwa haraka kuuvuka mstari mwekundu wa aleji. Nikauliza, wakasema aa, huo unakuja kila fomu ya watu wenu, tumeshauzoea. Nikasema nitauangalia jioni. Jioni nikachoka, nikalala.

Kesho yake akaja mama mmoja, mfanyabiashara kutoka nyumbani, kifua kinambana na kikohozi cha siku nyingi. Kaja na fomu, kapita mapokezi, kaonana na daktari, dawa zimeandikwa, mojawapo amoksilini. Mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza namna ya kumeza. Kwa mazoea tu ya kiuuguzi nikamuuliza: mama, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Akajibu bila wasiwasi, "Labda ile sindano ya penisilini, zamani, nilivimba uso mpaka macho yakafumba."

Jamani, mikono ilipoa. Amoksilini ni ya ukoo huohuo wa penisilini. Nikamrudisha kwa daktari, dawa ikabadilishwa, mama wa watu akaondoka salama, hata hakujua kilichotaka kutokea. Nilipoifungua fomu yake nikakuta sehemu ya aleji iko wazi, hakujaza kitu. Programu ilikuwa imeonya. Mstari mwekundu ulitokea, na mwenzangu aliuvuka kama alivyovuka mingine yote. Simlaumu hata kidogo. Kengele inayolia kila saa mwisho haiamshi mtu, wauguzi wa wodini mnajua ninachosema. Wa kulaumiwa ni mimi niliyeitega kengele.

Usiku nikampigia mdogo wangu, nikamtumia kila kitu. Hakuchukua dakika kumi. Akasema: "Dada, kwenye orodha yako ya maneno ya kukataa umeandika hakuna na hamna. Lakini fomu inauliza una aleji ya dawa? Mswahili atajibu nini? Sina. Sina haimo kwenye orodha." Kwa hiyo kila aliyejibu vizuri kabisa programu ilimpigia kelele kana kwamba hakujibu.

Nikamwambia haiwezekani, hata fomu yangu ya mtego niliandika "sina", na ilikuwa kijani. Mbona ilikuwa kijani? Akacheka kidogo, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kwa sababu uliuliza kama simu na dozi zimo. Zilikuwemo. Hukuuliza kama kuna kingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kifurushi changu kilikuwa na hitilafu tatu tangu siku ya kwanza. Mbili nilizotegemea, na ya tatu, ya aleji, ya uongo, imekaa kwenye boksi la ndani. Kipimo changu kilifungua kontena, kikaona viatu vipo, kikafunga. Tena group_contains usipoiwekea kina inatafuta kote, juu na ndani. Hata hitilafu ya dozi ingehama kwenye boksi lake ikaangukia kule kwa dada wa mapokezi, bado ingesema imo. Na wenyewe pytest wameandika onyo kwenye maelezo yao kwamba njia hii ni mbaya sana kwa kuhakikisha hakuna hitilafu nyingine. Nani alisoma? Si mimi.

Mdogo wangu akanielekeza kwenye RaisesGroup, iliyoingia pytest toleo la 8.4 mwezi Juni 2025, baada ya kuanzia kwenye mradi mwingine uitwao Trio. Hii ni kama afisa forodha mwenye orodha ya mzigo mkononi. Unamwandikia kilichomo chote na kimo ndani ya nini. Langu liliandikwa hivi:

RaisesGroup(HitilafuYaSimu, RaisesGroup(HitilafuYaDozi))

Maana yake: nategemea kifurushi chenye vitu viwili tu, hitilafu moja ya simu na kifurushi kidogo, na ndani ya hicho kidogo hitilafu moja ya dozi. Mpangilio wa nani atangulie haujali. Lakini kikipungua kimoja, kikizidi kimoja, au kikikaa boksi lisilo lake, jaribio linaanguka. Unaweza kukilegeza kwa flatten_subgroups, kisijali maboksi ya ndani, lakini mimi nilikataa, kwa sababu kwangu boksi ndilo linaloamua onyo liende kwa nani.

Nikaendesha. Nyekundu! Ikanitajia na ile iliyozidi. Sijawahi kufurahia rangi nyekundu namna ile. Nikaongeza "sina" kwenye orodha, na maneno mengine niliyoyakusanya kwenye fomu za zamani. Nikaandika na mitego mingine, ukiwemo wa sehemu ya aleji iliyoachwa wazi. Asubuhi nikawaeleza wenzangu mapokezi kosa lilikuwa langu, na kuanzia siku hiyo mstari mwekundu wa aleji ukitokea wasiuvuke, waniite.

Kilichoniuma si kompyuta. Kilichoniuma ni kwamba hili nilishafundishwa. Muhimbili, tukiwa wanafunzi, tulikaririshwa utaratibu wa IMCI wa WHO na UNICEF wa kumwangalia mtoto mgonjwa. Mama anakuja anasema mtoto ana homa. Unapima, malaria ipo. Mwanafunzi anafurahi, amepata jibu. Mwalimu anauliza: umehesabu pumzi? Mtoto wa miezi 8 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka, huenda ana nimonia pia, na dawa ya malaria haitibu nimonia. Ulimwangalia masikio? Weupe wa viganja? Utapiamlo? Chanjo? Kupata ulichokuwa unakitafuta si sababu ya kuacha kuangalia. Nimeyajibu hayo kwenye mitihani, halafu nikaja kuandika kipimo kinachoacha kuangalia.

Basi, Mama, na hili ni lako. Kila Jumapili nakupigia, nakuuliza presha vipi, unaniambia nzuri, tunahamia kwenye umbea. Kumbe swali langu nalo lilikuwa jepesi. Jumapili ijayo nitauliza presha, macho, miguu, usingizi, dawa zimebaki ngapi, na mwishoni nitauliza kama kuna kingine. Usiniambie "hamna" kwa haraka. Andaa kiti, simu nitaichaji mapema.

Wasalimieni wote, Shangazi zaidi. Mdogo wangu naye mnunulieni soda, bili nitalipa mimi. Tuko pamoja.