Sanamu Isiyo na Pacha

Wako wasemao kwamba sanamu ni sanamu tu, ikiibwa hununuliwa nyingine. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Huko Tamil Nadu, kusini mwa Bara Hindi, mafundi husubu sanamu za miungu yao kama walivyofanya mafundi wa wafalme wa Chola yapata miaka 1000 iliyopita. Fundi huiumba kwanza kwa nta, akaifunika kwa udongo, akaitia motoni. Nta huyeyuka ikatoka, na mahali pake humiminwa shaba. Kisha kalibu huvunjwa. Basi kila sanamu huzaliwa peke yake.

Tena kwa wenyewe si pambo. Huogeshwa, huvikwa nguo na maua, na siku ya sikukuu huchukuliwa njiani, ili hata asiyefika hekaluni amwone mungu wake.

Sanamu ya Shiva achezaye iliibwa katika hekalu la kijiji cha Sripuranthan. Mwaka 2008 jumba la sanaa la taifa la Australia liliinunua kwa dola za Marekani zipatazo milioni 5. Mwaka 2014 ikarudishwa Bara Hindi. Mimi si Mhindu, lakini niliposoma habari hiyo nilifurahi. Kitu cha ibada kina wenyewe, hata kikilipiwa mamilioni.