Mita Ikisema Shwari, Tuulize Nguvu Imekwenda Wapi

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kunikuta nikijadili bajeti, elimu na utumishi wa umma. Leo naomba niwapeleke uani kwangu, kwenye shughuli ninayoifanya jioni kwa mapenzi tu: redio ya ridhaa. Ni shughuli ya watu wenye leseni, ambayo kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanaowasiliana kwa mawimbi pasipo biashara. Naileta hapa kwa sababu inaonyesha waziwazi tofauti kati ya kiashiria kizuri na kazi iliyofanyika.

Antena ninayoizungumzia ni waya mmoja uliosimama wima, wenye urefu wa robo ya wimbi. Katika masafa ya megahezi 7.1 robo hiyo ni kama mita 10, kwa hiyo kamba iliyopitishwa kwenye mnazi yatosha kuuning’iniza. Chini, waya huungwa na kebo inayoleta nguvu kutoka redioni. Kebo hiyo imetengenezwa kwa kiwango cha omu 50. Ikikuta antena yenye kiwango tofauti, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka. Ndiyo maana fundi huweka mita kati ya redio na kebo: ikisoma 1, hakuna kinachorudi, namba ikipanda, antena na kebo hazijapatana.

Hapa ndipo penye mtego. Juu ya ardhi kamilifu, antena ya namna hii ina kama omu 36 tu. Mchanga mkavu wa pwani si ardhi kamilifu. Umeme unaorejea kupitia humo hukutana na ukinzani. Ukinzani huo ukiwa omu 14, jumla inakuwa 50 barabara, na mita inasoma 1. Lakini mchanga haurushi mawimbi, hupata joto tu. Kati ya wati 100, wati 72 zinakwenda hewani na 28 zinawapasha moto siafu. Mita haina namna ya kuzitenganisha, kwa kuwa yenyewe hupima kinachorudi, si kinachofika.

Mwanafunzi mmoja aliyenisaidia kuifunga antena hiyo alishangilia alipoona mita imesoma 1 tukiwa na nyaya 4 tu zilizotandazwa ardhini. Nilimwomba tuongeze hadi 32, zikisambaa kutoka kwenye shina la antena kama spoku za baiskeli. Tulipopima tena, mita ilikuwa imepanda hadi 1.25.

“Mwalimu, tumeiharibu,” alisema.

Nilimpa kalamu apige hesabu. Jumla ilikuwa imeshuka hadi omu 40: 36 za antena na 4 za ardhi. Sasa karibu wati 90 kati ya 100 zilikuwa zinakwenda hewani, na zilizorudi kwenye kebo zilikuwa wati 1 na kidogo. Kwa msikilizaji wa karibu mabadiliko hayo hayasikiki. Kwa aliye mbali, ambaye sauti inamfikia ukingoni mwa kelele, yanaweza kuamua kama atalipata neno au atalikosa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1937 wahandisi Brown, Lewis na Epstein, wa kampuni ya RCA ya Marekani, walichapisha vipimo vya antena wima zilizozungukwa na nyaya za ardhini, kuanzia chache hadi 113. Hawakuridhika na mita iliyo mlangoni. Walikwenda mbali na antena wakapima mawimbi kule yalikofika.

Sisi katika utumishi wa umma mara nyingi huishia mlangoni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Mwaka 2013 Serikali iliyafuta, alama zikapangwa upya, na ufaulu ukapanda. Zilikuwepo hoja za kitaaluma kuhusu upangaji wa alama, wala sizipuuzi. Lakini kijana aliyekuwa hawezi kuandika barua Februari hakuweza kuiandika Mei kwa sababu ya namba mpya. Kipimo kilitulia, hasara ilibaki mchangani, katika madarasa yasiyo na vitabu na maabara.

Kosa jingine ni kuidharau mita. Antena yangu ilihitaji bado kupatanishwa na kebo, na dawa yake ni rahisi: kuufupisha waya kidogo na kuweka koili ndogo, ya mikrohenri 2 na kidogo, kati ya shina lake na nyaya za ardhini. Mita ikarudi kwenye 1, safari hii kwa haki. Muhimu ni mpangilio: ardhi kwanza, mapatano baadaye. Anayeanza na mapatano anaweza kuyapata hata kwa kipingamizi cha omu 50 kilichofungiwa kwenye kopo. Mita itasoma 1, na karibu hakuna atakayemsikia.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi, taarifa ya robo mwaka itakapofika mezani kwako ikiwa na asilimia za kupendeza, usiitie saini kabla ya kuuliza aliyeiandaa: ulipima wapi, mlangoni au kule huduma inakotakiwa kufika? Nanyi wanafunzi, anayeongeza nyaya ardhini huenda akaiharibu namba kwa muda. Msimhukumu kabla ya kupiga hesabu.