Ukuta wa Kale Hauna Haraka

Mafuriko yakishapita kila mtu huwa mbioni. Tope likishazolewa, twataka ukuta upigwe lipu na rangi siku hiyo hiyo ili tusahau. Kwa jengo la kale, pupa hiyo ni mafuriko ya pili.

Hebu tazama mji wa Florence, Italia. Novemba 4, 1966, mto Arno ulifurika na kulivamia kanisa la Santa Croce, ambalo ujenzi wake ulianza karne ya 13. Wenyeji walikuwa wamejaza matangi mafuta ya kupashia nyumba joto, kwa hivyo maji yalikuja na tope lililochanganyika na mafuta meusi. Vijana, wengi wao wanafunzi, walimiminika kutoka nchi mbalimbali kuzoa tope hilo, wakaitwa malaika wa tope. Kazi ya mafundi ndiyo iliyokuwa ndefu. Msalaba wa mbao uliochorwa na Cimabue ulipoteza takriban asilimia 60 ya rangi yake. Haukuanikwa juani, la! Uliwekwa mahali penye unyevu mwingi, kisha unyevu ukapunguzwa kidogo kidogo, maana ubao ukikauka ghafla hunywea na rangi ikabanduka. Msalaba huo ulirudi kanisani 1976. Picha ya Karamu ya Mwisho ya Vasari ilirudi 2016. Naam, miaka 50! Tena ilifungiwa mtambo wa kuiinua maji yakija.

Ukuta nao hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta. Maji yakitoka huacha chumvi, nayo chumvi ikiganda husukuma lipu mpaka ikamenyeka.

Novemba 2023, maji yaliingia nyumba ya ukoo wetu Mombasa, ya mawe ya matumbawe na boriti. Siku ya nne tu, shemeji yangu akaleta mifuko ya saruji. Fundi mzee akamzuia: "Mwanangu, saruji itafungia unyevu ndani. Chokaa hupumua." Mama aliudhika, kwani alitaka kufunga Ramadhani kwake. Mimi nikamuunga fundi mkono.

Tulibandua lipu iliyolegea, tukaacha madirisha wazi, na chumvi ilipotokeza tukaifagia kwa brashi kavu. Ramadhani ya 2024 Mama alifuturu kwa dada yangu, huku akinung'unika. Alirudi Agosti. Chumba cha chini hakikupakwa chokaa hadi mwaka uliofuata.